Amependa nini?

"Mungu amependa," nilimwambia.

Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa kitanda, bega kwa bega. Mkononi alishika daftari la shule. Juu ya jalada mtoto alikuwa ameandika jina lake kwa penseli, herufi ya tatu akaigeuza ikaangalia nyuma. Mama yake alikuwa akipitisha kidole juu ya herufi ile, taratibu, kama anayetaka kuinyoosha bila kuifuta. Miaka sita. Homa ya siku tatu, halafu basi.

Sikuwa nimepanga kusema lolote. Maneno yalitoka yenyewe, kama "pole" inavyokutoka mtu akijikwaa mbele yako.

Kidole kikasimama.

"Dada, amependa nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningejua la kufanya, ningemkumbatia yakaisha. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikababaika kitu kuhusu siri za Mungu, nikainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Hiyo ni wiki saba sasa.

## Neno moja, kazi mbili

Swali lake lilianza kunisumbua kama swali la sarufi, na nadhani nililipokea hivyo kwa sababu sarufi haiumi. Kupenda ni kupenda kitu. "Amependa" peke yake inaning'inia hewani. Tunaiacha ining'inie kwa makusudi, maana tukiijaza inatisha: Mungu amependa mtoto wa miaka sita apande homa mpaka moyo usimame. Jaribu kuitamka nzima mbele ya mama yake. Huwezi. Kwa hiyo tunatamka nusu, nusu ya pili tunamwachia mfiwa aijaze mwenyewe usiku watu wakishalala.

Kisha nikasikia jambo ambalo nimelisema tangu utotoni bila kulisikia. Kiswahili kimeufunga utashi na upendo katika neno moja. "Mapenzi yako yatimizwe," tunasali, na mapenzi hapo ni matakwa. Ukitoka kwenye sala, mapenzi ni ya wapendanao. "Mungu akipenda tutaonana" maana yake akitaka. "Mungu anakupenda" maana yake nyingine kabisa, au ndivyo tunavyojifanya. Tunayo "nia", tunayo "matakwa", tunayo "radhi", lakini msibani hatusemi "Mungu amenuia". Tunasema amependa.

Zipo lugha zinazomruhusu mtu kusema Mungu alitaka jambo fulani bila kusema alilipenda. Sisi, msibani, hatuna mlango huo wa nyuma. Mama yule alichofanya ni kuyachukua maneno yangu kwa uzito wake.

Na kuna hili. Kama kila kitokeacho ni mapenzi yake, kwa nini tumefundishwa kuomba mapenzi yake yatimizwe? Hakuna anayesali jua lichomoze mashariki. Linaloombewa ni lile linaloweza kukosekana. Sala ile, ukiitafuna polepole, inakiri kwamba hapa duniani kuna mengi yanayokwenda kinyume na apendavyo Mungu.

Nimeisali mara elfu ngapi sijui. Sikuwahi kuona.

## Mwanahisabati na mwanawe

Aliyenitajia jina la Alfred North Whitehead ni rafiki yangu anayefundisha hisabati na asiyeonekana ibadani hata sikukuu. "Wewe unahangaika na Mungu anayepanga kila kitu," aliniandikia. "Kuna mtu wa fani yangu alishamkataa huyo, na bado akabaki na Mungu."

Nilidhani ni mzaha.

Whitehead alizaliwa Uingereza mwaka 1861. Pamoja na mwanafalsafa Bertrand Russell aliandika kazi kubwa ya kuijenga hisabati juu ya mantiki, juzuu tatu zilizotoka kati ya 1910 na 1913. Mtu wa alama na uthibitisho. Halafu ikaja vita. Tarehe 13 Machi 1918 mwanawe mdogo, Eric, rubani wa miaka 19, aliuawa angani juu ya Ufaransa. Mwaka uliofuata baba akatoa kitabu kuhusu misingi ya maarifa ya maumbile, akakitabaruku kwa kijana huyo. Mwaka 1924, akiwa na miaka 63, umri ambao wengine wanaaga kazi, alihamia Chuo Kikuu cha Harvard kufundisha falsafa, na mihadhara aliyoitoa Edinburgh kati ya 1927 na 1928 ikawa kitabu mwaka 1929, kigumu kama mwamba. Mwishoni mwa kitabu hicho Mungu anaitwa mwenzi mkuu, anayeteseka pamoja nasi na anayeelewa.

Siwezi kusema kifo cha Eric ndicho kilichomfanya aandike hivyo. Nasema tu kwamba niliposoma maneno yale nilijua yametoka kwa mtu aliyewahi kukaa ukingoni mwa kitanda.

Wazo lake, nilivyolielewa baada ya kulirudia sana, ni hili. Sisi tunadhani ulimwengu umejengwa kwa vitu: jiwe, mti, mtu, na Mungu juu yao. Yeye anasema ulimwengu ni matukio. Kila tukio linapokea yote yaliyolitangulia, linayafinyanga kwa namna yake, linaongeza kitu kidogo ambacho hakikuwepo, kisha linakabidhi kwa linalofuata. Ndiyo maana wanaoendeleza fikra hizi wanaziita fikra za mchakato. Na Mungu? Yumo katika kila tukio, analipa uwezekano bora kabisa uliopo kwa mahali pale na wakati ule. Analivuta. Analishawishi. Halilazimishi.

Chukua ile sekunde yangu kitandani. Kabla sijafungua mdomo palikuwa na njia kadhaa: kunyamaza, kumshika mkono, kuuliza mtoto alipenda mchezo gani. Kwa fikra hizi, iliyokuwa njema kuliko zote ilikuwa ikinong'ona pale pale. Mimi nikachagua sentensi iliyozoeleka. Ikishatamkwa haifutiki tena, imeingia ndani yake, na kila sekunde yake iliyofuata ililazimika kuibeba.

Mungu naye, anasema Whitehead, akaibeba.

## Daktari au mgonjwa mwenzio

Nilimpigia simu mzee mmoja, mchungaji mstaafu aliyenifundisha mafundisho ya kipaimara nikiwa bado nasinzia kanisani. Nilitaka aniambie ni uzushi, nipumzike.

"Mwanangu," akasema, "tangu zamani watu wanagombana juu ya hilo."

Akanieleza kwa utulivu wake ule. Mababa wa kale wa Kanisa walirithi kutoka kwa Wayunani wazo kwamba kilichokamilika hakibadiliki, kwa sababu kikibadilika kimeongezewa au kimepunguziwa. Aristotle, mwanafalsafa wao, alikuwa na chake kinachosukuma vyote bila chenyewe kusukumwa. Anselm, mwanateolojia wa karne ya 11, alijiuliza Mungu anawezaje kuwa na huruma na wakati huohuo asiguswe na hisia, akajibu kwamba ni mwenye huruma kwa jinsi sisi tunavyoipokea, siyo kwa jinsi yeye anavyohisi ndani yake. Thomas Aquinas, mwanateolojia aliyekuja baadaye, akaongeza kwamba uhusiano wetu na Mungu ni halisi upande wetu tu. Mfano wa nguzo: wewe ukihama, nguzo inakuwa kulia kwako au kushoto, yenyewe haijasogea.

"Kwa hiyo yule mama analia mbele ya nguzo," nikasema.

Nilisikia akivuta pumzi. Mzee huyu si mtu wa kukasirika, lakini najua sauti ya kalamu yake inapowekwa mezani.

"Usiwadharau. Walikuwa wanalinda kitu. Ukiwa na homa unamtaka daktari. Humtaki mgonjwa wa kitanda cha pili anayetetemeka kama wewe. Mungu anayeyumba na machozi yangu, nitamshika wapi?"

Sikuwa na jibu. Bado naona ndiyo hoja nzito kuliko zote upande ule, na wengi wanaoandika kuhusu Mungu wa mahusiano wanaipita mbio mno.

Charles Hartshorne ndiye aliyejitahidi kuijibu. Aliishi miaka 103, kuanzia 1897 hadi 2000, akawa mwanafalsafa na pia mtafiti wa nyimbo za ndege. Kitabu chake cha mwaka 1973 kinadai kwamba ndege huimba hata pasipo na haja ya kuimba, kwa kufurahia tu. (Nakiri nilimpenda kwa sababu ya ndege kabla sijamwelewa kwa sababu ya Mungu.) Anasema Mungu ana pande mbili. Tabia yake, uaminifu wake, hapo habadiliki kamwe. Yale anayoyaona na kuyapitia, hapo anabadilika kila mara, maana dunia inampa mapya. Mama anayempenda mwanawe habadiliki katika kupenda, na kwa sababu hiyohiyo hali yake hubadilika kila mtoto anapoanguka na kuinuka.

Nilimsomea mzee. "Hilo linahubirika," akasema. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

## Sura moja inayojipinga

Mzee ndiye aliyenituma kwenye Samweli wa Kwanza, sura ya 15, akasema nisome kwa sauti. Mstari wa 11 Mungu anajuta kumtawaza Sauli. Mstari wa 29 Samweli anatangaza kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Mstari wa 35, sura inafunga kwa kusema Mungu alijuta.

"Aliyeandika hakuwa mjinga," mzee akasema. "Aliviona vyote viwili akaviacha."

Tangu siku hiyo siwezi kusoma Biblia bila kuwaona. Musa anamsihi, naye anaghairi. Ninawi wanatubu, naye anaghairi. Abrahamu anamshusha kutoka hamsini hadi kumi kwa ajili ya Sodoma. Na kule mlimani, kisu kikiwa tayari juu: "sasa najua ya kuwa unamcha Mungu." Sasa? Wahubiri wanasema ni namna ya kusema tu. Pengine. Lakini huwa hatusemi hivyo tukifika kwenye mistari inayotupendeza.

Mwaka 1994 waandishi watano wa Kiprotestanti, akiwemo Clark Pinnock na John Sanders, walitoa kitabu kuhusu uwazi wa Mungu, wakidai kwamba wakati ujao haujakamilika hata kwake. Anajua yote yanayoweza kujulikana, ila uamuzi huru ambao haujafanywa bado si kitu cha kujulikana. Si upungufu wa maarifa, kama vile si upungufu wa macho kutoiona picha isiyochorwa. Sanders aliingia katika maswali haya kwa mlango ninaoujua: ndugu yake alikufa katika ajali ya pikipiki, na watu wakamweleza kwa nini Mungu alifanya vile. Novemba 2003 chama cha wasomi wa kiinjili cha Marekani kilipiga kura kama Pinnock na Sanders wafukuzwe uanachama. Theluthi mbili zilizotakiwa hazikupatikana, wakabaki.

Wala si mambo ya Wakristo peke yao. Gersonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1344, alishasema Mungu hajui ni lipi kati ya mawili mtu huru atachagua. Na Muhammad Iqbal, mshairi na mwanafalsafa, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1930, alimsoma Whitehead akiwa Mwislamu, akaandika kwamba wakati ujao umo katika uhai wa Mungu kama uwezekano ulio wazi, si kama ratiba iliyokwisha kupangwa.

Tena kuna hiki kidude cha sarufi, mniwie radhi. Wataalamu wa lugha wanasema alama yetu ya wakati ujao, ile "-ta-" ya "nitakuja", ilitokana na kitenzi "taka". Mzizi umebaki wazi katika "atakayekuja" na "nitakapofika". Kila tukizungumza juu ya kesho tunatamka kutaka. Nimetembea na wazo hilo siku nzima, nikijihisi tajiri.

## Ufunguo mfukoni

Halafu nikafika mahali utajiri ukaisha.

Hawa watu, ambao mtu wa nje angewaweka kapu moja, hawakubaliani juu ya jambo ambalo mama yule angelitaka kwanza. Sanders na wenzake wanasema Mungu anaweza kuingilia kati, ila amejizuia ili tuwe huru, na mara chache huingilia. Watu wa mchakato, kama David Ray Griffin katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu uovu, wanasema hawezi kulazimisha. Hakuwahi kuweza. Nguvu ya kushawishi ndiyo nguvu pekee aliyo nayo, na wanadai ndiyo nguvu ya kweli, maana hata Whitehead alilalamika kwamba Kanisa lilimvika Mungu sifa za Kaisari. (Sisi tumezivika ndani ya jina: Mwenyezi, mwenye enzi.) Mwanateolojia Thomas Jay Oord yuko karibu na hao wa pili: upendo ndio asili ya Mungu, na upendo hautawali kwa mabavu, kwa hiyo hawezi kuwa kinyume na alivyo. Mwaka 2019 aliwaandikia walioumizwa kitabu ambacho jina lake linasema bila kuzunguka kwamba Mungu hawezi.

Upande wa kwanza ulinikwama kooni haraka. Mtu amesimama mlangoni, nyumba inaungua, ufunguo uko mfukoni, na anaeleza jinsi anavyoheshimu uhuru wa moto.

Upande wa pili nao. Homa inashawishiwaje? Whitehead anasema hata tukio dogo kabisa la maumbile lina chembe ya kujiamulia. Nimejaribu kuamini kwamba ndani ya damu ya mtoto yule kila chembe ilikuwa ikiitwa kuelekea uzima, nyingine zikaitika na nyingine zikaelekea kwingine. Ni wazo zuri. Usiku wa manane halinisaidii. Na kama hawezi, nilikuwa naomba nini siku zile tatu? Maana niliomba. Nilipiga magoti mpaka ganzi. Wenyewe wanajibu kwamba sala inabadilisha yaliyopo, inampa Mungu nyenzo mpya za kufanyia kazi, kwa kuwa sala yangu nayo ni tukio ulimwenguni. Labda. Siku zile haikuwa nyenzo. Ilikuwa kelele.

Lakini lililonifanya nifunge kitabu nikakaa siku nne bila kukigusa lilikuwa jingine.

Nilikuwa nimetafuta wanasema nini juu ya wafu. Whitehead anafundisha kwamba hakuna kinachopotea: kila tukio, likishapita, limepokewa ndani ya Mungu na linabaki humo milele bila kufifia. Hartshorne aliishia hapo, na aliridhika. Kwake, kuishi milele ni kukumbukwa kikamilifu na yule asiyesahau, basi. Hakutarajia kuamka upande wa pili. Griffin hakukubali aishie hapo, aliona fikra hizihizi zinaruhusu mtu kuendelea kuishi baada ya kifo. 

Mimi nilimwona mama yule na daftari lake. Kumbukumbu anayo tayari. Anayo kamili kuliko anavyoitaka. Nikienda kumwambia kwamba Mungu naye anayo, nitakuwa nimempelekea nini?

## Wiki ya saba

Nilikwenda Jumamosi. Sikubeba kitabu. Nilikuwa nimeapa kutosema kitu kikubwa, na kwa nusu saa nilifaulu.

"Umepata jibu?" akauliza. Kumbe hakusahau.

Nikamwomba radhi kwanza. Nikamwambia sikujua nilichokuwa nasema siku ile, na kwamba siamini tena. Kisha, kwa kuwa aliendelea kuniangalia, nikamweleza kwa lugha ya kawaida. Kuna wanaosema Mungu angeweza kuzuia, akajizuia yeye.

Akanyamaza. "Huyo sitaki kumwona kwa sasa," akasema.

Na kuna wanaosema hakuweza. Alikuwepo, alitaka mtoto aishi, alivuta kuelekea uzima kwa kila alichokuwa nacho, ikashindikana.

Hapa alinyamaza zaidi.

"Huyo namhurumia."

Sikulitarajia. Kwenye vyote nilivyosoma, Mungu anamhurumia mtu. Sikukutana na mtu anayemhurumia Mungu. Sijui hata kama linaruhusiwa. Nikamwambia kwamba mzee wangu mchungaji angepinga, angesema mgonjwa anahitaji daktari, si mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Mzee wako ameshalala hospitali?"

"Sijui, dada."

"Daktari alikuja, akafanya kazi yake, akaenda kwa wengine. Simlaumu. Aliyekaa na mimi mpaka asubuhi alikuwa mama wa kitanda cha pili. Na mwanawe alikuwa hoi vilevile. Alinifunika kanga yake." Akafikiri kidogo. "Lakini daktari nilimtaka. Usimwambie mzee wako kwamba sikumtaka daktari. Nilimtaka sana."

Basi vyote viwili vikabaki mezani, kama mwandishi wa Samweli alivyoviacha.

Nilikuwa na mstari mmoja ambao mzee alinitumia usiku uliotangulia, bila maelezo. Yeremia 19, mstari wa 5. Nilisita, kwa sababu mstari huo unazungumzia watu waliokuwa wakiwachoma watoto wao kwa ajili ya miungu. Unahusu dhambi ya watu, hauhusu homa, na mtu mwenye elimu yake anaweza kuniambia nimeuhamisha kwao. Nikamweleza hilo pia. Nikamwambia hawa walidhani wanafanya apendalo Mungu, kwamba ndiye aliyetaka watoto. Na yeye anawajibu kwamba hakuliamuru, wala hakulinena.

"'Wala halikuingia moyoni mwangu,'" nikasoma.

"Rudia."

Nikarudia.

Aliinuka akaenda kwenye kabati. Nilidhani nimeharibu tena. Akarudi na lile daftari, akaketi, akalifungua kuanzia nyuma, akapekua mpaka ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mtoto alikuwa ameambiwa aandike jina lake mara kumi. Herufi zimepanda na kushuka nje ya mistari. Mama akaweka kidole kwenye ile ya tatu.

"Angalia," akasema. "Huku alikuwa ameshaipatia."